Lilinga: Herufi Niliyomsahihisha Bibi

Nilipokuwa kidato cha tatu nilitunga shairi juu ya mji wa Iringa, nikalisoma siku ya wazazi mbele ya watu waliokaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, chini ya mikaratusi. Lilikuwa shairi la kijana aliyevumbua vina majuzi na ambaye hajajua bado kwamba vina navyo hudanganya. Ubeti wa kwanza naukumbuka hadi leo, nami nauweka hapa pamoja na aibu yake yote:

Mji wetu wa Iringa, jina halikukosewa,
Ni mji ulioringa, juu ukaheshimiwa,
Baridi yake ni kinga, wageni hupokelewa,
Iringa ni ya kuringa, nani asiyelijuwa?

Mwenye sikio la ushairi ataona kwamba mizani imetimia, na kwamba ile w ya "asiyelijuwa" niliikopa ili kina kisimame. Hilo ni dogo. Kosa kubwa limo katika hoja yenyewe. Nilikuwa nimeamini, kwa sababu tu maneno mawili yanafanana mwishoni, kwamba Iringa imetokana na kuringa: mji umepanda juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, unawatazama walio bondeni kwa maringo. Mwalimu wangu wa Kiswahili alipiga makofi. Wazazi nao walipiga makofi. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuja kutoka Kalenga amejifunga khanga mbili juu ya sweta, alipiga makofi kwa adabu, kisha akakaa kimya.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Baba, hilo la kuringa nani kakuambia?"

"Ndiyo maana ya jina, bibi."

"Jina lenyewe ni Lilinga," alisema. "Lilinga ni lile..."

Sikumwacha amalize. "Si Lilinga, bibi. Ni Iringa. Kwa r. Ninyi watu wa zamani ndivyo mnavyokosea."

Akasema, "Haya, baba." Tukaendelea na safari.

Msomaji asidhani nilikuwa mtoto asiye na heshima kwa wazee. Nilikuwa mtoto aliyechapwa. Kihehe, lugha ya nyumbani kwetu, kina l na hakina r, na yeyote aliyeanza shule ya msingi na lugha hiyo kinywani anaijua siku ya imla. Mwalimu anasoma, ninyi mnaandika, na daftari likirudi limejaa wino mwekundu: barua imekuwa balua, karatasi imekuwa kalatasi, na kwa hofu ya kukosea, wali nao umekuwa wari. Darasani kwetu kila l iliyokaa mahali pa r ilikuwa na fimbo yake. Watoto wa watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine walicheka, nasi tuliocheka kwa sauti kubwa zaidi tulikuwa ni sisi wenyewe tuliochapwa. Kufikia kidato cha tatu nilikuwa nimeishika r barabara, nikaibeba kama cheti. Bibi aliposema Lilinga mbele ya wenzangu njiani, nilisikia imla.

Tangu siku hiyo alianza kujitahidi mbele yangu. Kila alipolifikia jina la mji alisita kidogo, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe, kisha akalitamka: "I... ringa." Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nilimsikia akizungumza na shangazi jikoni, mlango umerudishwa, naye akisema Lilinga bila kusita wala kutafuta pa kukanyaga. Nilielewa kwamba ile r ilikuwa yangu peke yangu, kama kikombe kizuri kinachotolewa kabatini mgeni anapofika.

Miaka kumi na miwili ilipita. Nilikuwa mwalimu, nami sasa nikisahihisha imla za wengine, nilipowapeleka wanafunzi Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa. Kalenga ni kijiji kando ya mto Ruaha Mdogo, kilomita kama kumi na tano kutoka mjini. Mzee aliyetupokea pale makumbusho alianza maelezo yake kwa kusema kwamba mahali tulipokuwa tumesimama ndipo Iringa yenyewe. Wanafunzi wakacheka, wakidhani anatania. Akasema tena: Lilinga, kwa Kihehe, ni boma, ngome yenye kuta. Boma lilikuwa hapa. Kule mnakotoka ninyi jina lilipelekwa tu.

Wanafunzi waliandika kwenye madaftari. Mimi nilibaki na sentensi ile ya njiani ambayo sikumwacha bibi aimalize.

Historia yake ni hii. Mtwa wa Wahehe, Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, ambaye jina lake lilifupishwa kuwa Mkwawa, alijenga makao yake Kalenga na kuyazungushia kuta za mawe. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yaliliangamiza jeshi la Kijerumani pale Lugalo, na kamanda Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, akauawa. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kurudi. Gavana Friedrich von Schele alikuja mwenyewe na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 boma lilianguka. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1896, Wajerumani walijijengea kituo chao juu ya kilima, mbali kidogo na magofu waliyoyasababisha. Kituo kilihitaji jina. Wangeweza kukipa jina la mfalme wao au la mto fulani wa kwao, kama walivyofanya kwingine. Tukuyu, kwa mfano, waliiita Neu-Langenburg. Hapa walifanya jambo la ajabu zaidi. Walilichukua jina la boma walilolivunja wakalibandika kwenye kituo walichokijenga. Katika ramani zao Kalenga ikawa Alt-Iringa, yaani Iringa ya Kale, na kilima kikawa Neu-Iringa, Iringa Mpya. Muda ulipopita ile "Mpya" ilidondoka, kwa kuwa hakuna aliyebaki akiiita ile nyingine Iringa, isipokuwa wazee kama bibi yangu.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana hapo ndipo mwenye kupenda lugha anapopata chakula. Li- ya mwanzo katika lilinga ni kiambishi cha ngeli, ndugu wa ile li- tunayoisikia katika "jiwe limeanguka". Mgeni asiyeijua ngeli huidondosha bila kujua kwamba amedondosha kitu. L ya pili nayo ikageuka r katika sikio na kalamu ya walioandika. Kabla tahajia haijatulia, Wajerumani waliandika pia Kuirenga walipoizungumzia ngome hiyohiyo, nami nikiisoma kwa sikio la nyumbani nasikia ndani yake ku- ya mahali, yaani mtu aliulizwa "mnakwenda wapi?" akajibu "bomani", na jibu likaandikwa kama jina.

Haikuwa Iringa peke yake. Mto ambao leo tunauita Ruaha, wazee wetu waliuita Luvaha, neno la Kihehe kwa mto mkubwa. Lugalo nayo Wajerumani waliiandika Rugaro katika taarifa zao za vita. Lakini tazama majina yalikoishia. Lugalo ilirudishiwa l zake zote mbili. Leo ni jina la kambi ya jeshi na hospitali huko Dar es Salaam, na maelfu hulitamka kila siku bila mtu kuwaambia wanakosea. Ule mwamba ulio juu ya mji wetu, ambako inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda kutafakari, unaitwa Gangilonga, jiwe lisemalo, kutokana na kulonga, kusema. Ulibaki na l yake kwa kuwa hakuna ofisi iliyoutaka. Mtaa wa Kitanzini haukuhitaji Kihehe hata kidogo. Wenyeji husimulia kwamba ndipo Wajerumani walipokuwa wakinyongea watu, na Kiswahili kililiweka jambo hilo wazi kwa neno moja. Watu hupita hapo kila siku kununua vitunguu.

Kuna kichekesho kimoja ambacho siwezi kukiacha. Mjini kuna jengo la kale la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, na watu huliita Boma la Iringa. Tafsiri ya lilinga ni boma. Kwa hiyo tunaposema Boma la Iringa tunasema boma la boma, la kwanza likiwa la aliyeshinda na la pili la aliyeshindwa, na la pili ndilo lenye mji.

Niliwahi kudhani kwamba kisa cha namna hii ni chetu peke yetu, hadi nilipoanza kusoma juu ya majina ya miji ya Palestina, ambayo tuliyasikia redioni tangu utoto bila kuuliza maana zake. Nablus ndiyo iliyonisimamisha. Katika bonde lililo kati ya milima ya Gerizimu na Ebali palikuwa na mji wa kale sana, Shekemu, ambao wasomaji wa Biblia wanaujua. Magofu yake yako mahali paitwapo Tell Balata. Mwaka 72, miaka miwili baada ya Warumi kuiteketeza Yerusalemu, Kaizari Vespasiano aliamuru mji ujengwe kilomita kama mbili magharibi ya magofu hayo, ukaitwa Flavia Neapolis. Flavia ni jina la ukoo wake. Neapolis ni Kigiriki, maana yake mji mpya, na ndilo jina hilohilo lililozaa Napoli ya Italia.

Karne zilipopita wenyeji wakawa wasemaji wa Kiarabu, na Kiarabu hakina p. Neapolis ikapita katika vinywa vyao ikatoka Nablus.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mji wa kale uliokufa, mshindi kutoka mbali, mji mpya hatua chache kando, na herufi moja isiyokuwamo katika kinywa cha wenyeji: yote yalikuwemo. Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonichoma. Nablus ni jina la mgeni lililopindwa na wenyeji hadi likawatosha. Iringa ni jina la wenyeji lililopindwa na wageni. Na katika Nablus hakuna mtoto anayechapwa kwa ile b. Hakuna anayemwambia bibi yake kwamba zamani ilikuwa p na kwamba watu wa zamani ndivyo wanavyokosea. B ile ndiyo jina. Kwetu, r ya mgeni imekuwa usahihi, na l ya mwenye neno imekuwa kosa.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na wino mwekundu bado ninao. Kura si kula, na mwanafunzi akiandika kwamba wananchi walikwenda kula siku ya uchaguzi nitamrudishia daftari, ingawa kuna miaka ambayo angekuwa amesema kweli. Wala sidai mji ubadilishwe jina. Iringa limeshakuwa letu. Limeimbwa, limepigiwa kura, limewekwa kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: mzee akisema Lilinga, tusimsahihishe. Yeye hajakosea kusoma. Analisema neno kutoka upande wa pili wa historia, kabla halijaandikwa.

Turudi Kalenga. Siku ile ya ziara niliwaacha wanafunzi na mwalimu mwenzangu wakila mkate chini ya mti, nikatembea hadi kwa bibi. Si mbali na pale. Nilimkuta anapepeta maharage. Tulisalimiana, "Kamwene," "Kamwene," nikaketi kwenye kigoda, nikamuuliza bila kuzunguka: "Bibi, Lilinga ni nini?"

Alinitazama kwa muda. Pengine alikuwa akipima kama namtega. Kisha akanisimulia. Bibi yake mwenyewe, alipokuwa msichana, alikuwa miongoni mwa waliokimbia siku mizinga ilipopigwa, na aliuona moshi kutoka upande wa pili wa mto. Usiku ule, alisema, hakuna mama aliyethubutu kumbembeleza mtoto kwa sauti. Walirudi baada ya siku nyingi, wakakuta ukuta umebomolewa. Alinisimulia pia mwaka 1954, yeye akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, fuvu liliporudishwa na Gavana Twining na kupokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya umati ambao hakupata kuona mfano wake. Mimi nilijua kutoka vitabuni kwamba fuvu hilo lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kwamba Ujerumani ilipewa miezi sita kulikabidhi, ikapita miaka thelathini na mitano. Yeye alijua kwamba siku ile jua lilikuwa kali, na kwamba wanaume wazima walilia.

Nilimsikiliza kwa furaha hadi nilipogundua jambo moja. Katika masimulizi yote hayo, kila alipolitaja boma la kale, lile la mawe, lile ambalo bibi yake alilikimbia, alisema Iringa. Kwa r. Hakusita tena. Alikuwa ameshaizoea.

"Bibi," nikamwambia, "sema Lilinga."

Akacheka. "Si wewe uliyenifundisha?"

Nilitaka kumwomba radhi, na maneno yalikuwepo, ila wanafunzi walikuwa wananisubiri na gari lilikuwa la kukodi. Nikajiambia nitarudi likizo. Nilirudi likizo ile na nyingine nyingi, tukazungumza juu ya mvua, mbolea, ndoa za wajukuu, na kila safari nilikuta kuna jambo la kuzungumza lililo jepesi zaidi.

Alifariki wakati wa kiangazi, katika usingizi, akiwa amekula vizuri jioni yake. Mwaka mmoja baadaye ukoo ulikutana kulijengea kaburi, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa maneno katika familia, nikapewa kazi ya kuandika yatakayochorwa kwenye saruji. Jina lake, jina la baba yake, miaka. Kisha mahali alipozaliwa. Baba mdogo alipendekeza tuandike Kalenga, kwa kuwa ndivyo serikali inavyopaita. Shangazi alipendekeza Iringa, kwa kuwa ndivyo kitambulisho chake kilivyosema. Niliandika kwenye karatasi, nikampa fundi, nikasimama karibu naye.

Saruji ilikuwa bado mbichi. Fundi, kijana wa pale pale, alichora herufi polepole kwa ncha ya msumari, akitazama karatasi na kaburi, karatasi na kaburi. Alipofika mstari wa mwisho alisimamisha mkono.

"Mwalimu," akasema kwa adabu, "hapa naona kama pamekosewa. Si ilitakiwa iwe r?"

"Chora l," nikamwambia. "Zote mbili."